Zoezi la Saba la Mzee Ngazi

Ndugu zangu, majirani, mafundi wenzake Baba, na nyote mlioacha shughuli zenu ili kuja kumsindikiza mzee wetu, naomba utulivu, wenye viti wavikalie na waliosimama wajiegemeze mahali, kwa kuwa familia imenipa mimi, mtoto wake wa pili, kazi ya kuwasomea maisha ya Baba tangu alipozaliwa hadi alipotuacha, na dada yangu mkubwa amenionya mbele ya mashahidi kwamba hapa si jukwaani, nami nimemwahidi kujitahidi, ingawa huyu ninayemsoma ndiye aliyenifundisha kucheka, kwa hiyo malalamiko yote mpelekeeni yeye.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mzee Ngazi, alizaliwa tarehe 3 Juni 1943, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpaka rangi na mama mfua nguo, katika chumba kimoja kilichopakana na ghala la mbao, na bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba alitanguliza miguu, mkunga akasema huyu ana haraka ya kutembea, na mpaka leo familia haijapata sababu ya kumbishia mkunga yule.

Alianza darasa la kwanza Januari 1951 na kumaliza la nane Desemba 1958, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa pili kutoka mwisho kwa mwandiko, na kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu mkuu aliandika kwamba kijana huyu hufungua kila kitu isipokuwa daftari, maneno ya haki kabisa, maana Baba alikuwa ameifungua saa ya ukutani ya ofisi ya mwalimu huyo huyo, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki mezani na saa ikaendelea kwenda. Kuanzia 1960 hadi 1962 alisomea umeme na mitambo katika chuo cha ufundi, na tarehe 2 Januari 1963 akaajiriwa kuwa fundi msaidizi katika kampuni ya kutunza lifti, ambako alikaa miaka arobaini na miezi sita, akapanda kutoka msaidizi hadi fundi mkuu, na kila mwaka alirudia mzaha ule ule, kwamba yeye ndiye mfanyakazi pekee anayepanda na kushuka cheo mara thelathini kwa siku.

Naomba niieleze kazi ile kidogo, maana bila kuielewa hamtaelewa nitakayoyasoma baadaye. Chini ya kila lifti kuna shimo, na fundi hushuka humo kupaka grisi na kukaza nyaya, na Baba alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku moja, kwamba fundi hashuki shimoni bila mwenzake kusimama juu, anayeshuka anaita, "Niko chini!", na aliye juu anaitika, "Niko mlangoni!", na kama hakuna wa kuitika, basi kazi haifanyiki hata bosi akipiga kelele mpaka sauti ikauke, unaandika kwenye daftari la matengenezo, "Hakuna mtu mlangoni," unasaini, unakunja mikono. Alistaafu tarehe 30 Juni 2003 akiwa na vidole vyote kumi, na wazee wa kazi ile mlioko hapa mnajua kwamba hiyo ni shahada.

Tarehe 8 Aprili 1969 saa tano asubuhi lifti ya jengo moja la maofisi ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na ndani yake alikuwamo fundi cherehani mmoja akiwa na mapazia ya kupeleka kwa mteja, naye Baba alipofika akamwambia kupitia upenyo wa mlango, "Dada, usiogope, dakika kumi tu," lakini zikapita saa mbili na robo, na Mama alituambia kwamba baada ya nusu saa alisikia wazi kuwa yule fundi wa lifti amekwisha kumaliza kazi na anagongagonga nyundo tu ili mazungumzo yasiishe. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1970, wakahamia ghorofa ya nne ya nyumba ile mnayoifahamu, ngazi sitini na nane kutoka chini hadi mlangoni, na kuanzia wiki ya kwanza Baba akirudi kazini alisimama pale chini kwenye ngazi ya kwanza na kuita, "Niko chini!", na Mama aliitika kutoka juu, "Niko mlangoni!", na sisi watoto tulikua tukidhani kila nyumba duniani ndivyo wanavyosalimiana.

Walijaliwa watoto watatu, dada yetu mkubwa aliyezaliwa Septemba 1971, ambaye ni mwalimu wa hesabu, mimi niliyezaliwa Agosti 1972, ambaye kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, na mdogo wetu wa kiume aliyezaliwa Mei 1978, ambaye ni mpishi melini na amefika jana akiwa bado na harufu ya vitunguu, na Baba alitupenda wote sawasawa, ila mimi alipata tabu kunieleza kwa watu, kwa hiyo akawa anawaambia majirani, "Mwanangu wa pili yeye kila siku yuko mazoezini," mpaka siku jirani wa chini, kinyozi anayenyolea nyumbani kwake, aliponiona kwa mara ya kwanza, akaliangalia tumbo langu kwa masikitiko, akamwambia Baba, "Mzee, huyo kocha wake afukuzwe."

Mama alitutoka tarehe 22 Februari 2014. Baada ya mazishi sisi watatu tulirudi kwenye kazi zetu, na Baba akabaki ghorofa ya nne na kiti kimoja kilichotazama dirisha na kingine kilichotazama kiti hicho, na kwa miaka karibu minane alikaa, simwambii mtu uongo, alikaa tu, kwa sababu kila tulipompigia simu tulimwambia, "Baba, umefanya kazi sana, pumzika," naye akapumzika kama tulivyomwambia, hadi asubuhi moja ya Desemba 2021 alipotaka kuinuka kitini na magoti yakakataa, akakaa pale kuanzia chai mpaka adhuhuri, akiita kwa sauti ya kawaida tu, maana alisema aliona aibu kupiga kelele, mpaka kinyozi alipopanda kurudisha bisibisi aliyoazima.

Januari 2022 alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye mwili mdogo na sauti ya paredi, ambaye yuko nasi hapa leo, naye badala ya kumpa pole alimuuliza, "Mzee, lifti ikikaa miaka minane bila kutembea inakuwaje?" Baba akajibu, "Inaota kutu." "Basi, na magoti ndiyo hivyo hivyo. Yatauma, lakini maumivu ya kutembea utayazoea, ya kukaa yatakumaliza. Ukisikia yanachoma kama kisu, acha, uje kwangu. Yakinung'unika tu, yaache yanung'unike, wewe endelea." Akampa karatasi yenye mazoezi manane, kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, kusukuma ukuta kama anayesukuma gari bovu, kunyanyua visigino, kupanda na kushuka ngazi, na mengineyo, akayaeleza yote kwa maandishi makubwa ya mtu mzima kusoma bila miwani, na zoezi la saba lilikuwa kusimama kwa mguu mmoja huku ukihesabu mpaka kumi, na chini yake limeandikwa na kupigiwa mstari: lifanywe kukiwa na mtu karibu, asikushike.

Kuanzia hapo Mzee Ngazi alizaliwa upya. Goti lake la kulia, lililokuwa bovu zaidi, alilipa jina la Bosi, kwa sababu lilichelewa kuamka, lilinuna bila sababu na lilitaka kubembelezwa kabla halijafanya kazi, na kinyozi anasema alikuwa akimsikia kila asubuhi saa moja na nusu akiongea nalo kwenye ngazi, "Twende mzee, leo mbili tu, haya, bado moja, usinitie aibu," na akirudi sokoni alikuwa akiliweka kapu lake ndani ya lifti ya nyumba ile peke yake, anabonyeza nne, kisha anapanda kwa miguu akishindana nalo, na kila mara kapu lilifika kwanza, likamsubiri. Mimi nilikuwa nikikisimulia kisa hiki jukwaani na watu wanavunjika mbavu. Sikuwahi kufikiri kwamba lile kapu ndilo pekee lililokuwa likimsubiri.

Sasa nafika mahali ambapo dada alisema tuparuke na mimi nikasema hapana.

Zoezi la saba lilimkwamisha, na si kwa sababu ya Bosi. Mtu mwingine angeshika meza, angesimama kwa mguu mmoja, akaweka alama ya vyema na kuendelea na maisha, lakini Baba alikuwa fundi wa miaka arobaini, na karatasi ilisema mtu awe karibu, kwa hiyo akatafuta mtu. Alianza na mdogo wetu, akamwambia kwenye simu iliyokuwa ikikatika kwamba anasumbuliwa na viungo na anahitaji msaada, na mdogo wetu, mpishi, wiki tatu baadaye akamtumia kifurushi cha mdalasini, karafuu na pilipili manga. Akamgeukia dada, akamwambia, "Binti yangu, zoezi la saba siliwezi," na dada, aliyekuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, akadhani mzee anamsaidia mjukuu wa jirani kazi za shule, akamwambia, "Soma swali tena polepole, Baba, jibu liko kwenye swali." Kisha akanigeukia mimi.

Siku hizo nilikuwa nimemwalika aje kutazama mazoezi ya mchezo wangu mpya, Jumamosi tarehe 11 Machi 2023 saa saba mchana, na asubuhi ya siku hiyo nikapokea ujumbe wake, kwa herufi kubwa kama anavyoandika siku zote, "MAZOEZI YA SABA SIWEZI PEKE YANGU," nami nikaelewa kwamba mzee hawezi kuja saa saba, safari imemshinda, nikamjibu hapo hapo nikiwa nimeshika kofia ya mchezo kwa mkono wa pili, "Usijali Baba, pumzika tu." Alijibu neno moja, "SAWA." Nyumba yangu na yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwake yeye na Bosi dakika hamsini, na tangu siku ile Baba hakuniomba tena. Kila Jumapili tuliongea kwa simu, nikimuuliza alipo ananijibu, "Nimetoka mazoezini," nami namwambia, "Mimi ndiyo naingia mazoezini," tunacheka wote wawili, tunakata simu, kila mmoja akidhani tumeongea.

Tarehe 8 Oktoba 2024 kinyozi hakusikia hatua kwenye ngazi, na kwa kuwa alikuwa akitumia hatua zile kama saa, alinyoa ndevu za mteja nusu, akaacha, akapanda, akamkuta Baba kitandani akiwa na homa na kifua kikiwa kizito, na tarehe 9 Oktoba akalazwa hospitali kwa homa ya mapafu. Sisi wawili tulio karibu tulipokezana kukaa naye. Alhamisi tarehe 17 Oktoba asubuhi, zamu ikiwa yangu, alifungua macho, akasukuma shuka, akashusha miguu, akaniambia, "Simama hapo mlangoni. Usinishike." Mimi nikadhani anataka kwenda haja, nikachukua bakuli la chini ya kitanda nikalishika kama kombe la ushindi, akaliangalia, akaniangalia, akasema, "Weka chini hicho, mwanangu, simama tu." Nikasimama. Akainuka, gauni la hospitali likiwa wazi mgongoni, akanyanyua mguu wa kushoto, akabaki juu ya Bosi, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Niko chini," na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mdomo ukajibu wenyewe kama wa mtoto, "Niko mlangoni." Akahesabu mpaka sita, akakaa, akahema, akasema kwa kuridhika, "Saba hiyo." Nikaangalia saa ya ukutani, nikamwambia, "Baba, ni saa nne kasoro." Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, na alipopata pumzi akaniambia, "Haya, endelea na mazoezi yako."

Baba yetu alifariki dunia Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024 saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka themanini na moja, miezi minne na siku kumi na saba.

Juzi tulipofungua nyumba yake tulikuta jikoni, nyuma ya mlango, daftari la matengenezo limening'inia kwenye msumari na penseli imefungwa kwa uzi, kama wanavyofanya kwenye vyumba vya mitambo, na ile karatasi ya mazoezi imebandikwa pembeni, na ndani ya daftari kila siku tangu Februari 2022 ina mstari wake, tarehe, safu nane, na sehemu ya maelezo. Safu ya kwanza hadi ya sita zimejaa vyema, ya nane imejaa vyema, na ya saba ina kistari, kistari, kistari, na kwenye maelezo, kwa ule mwandiko wa pili kutoka mwisho, siku baada ya siku, ukurasa baada ya ukurasa: "Hakuna mtu mlangoni." Kuna siku mbili tu ambazo safu zote ni tupu, tarehe 11 na 12 Machi 2023, na maelezo yake ni haya: "Mapumziko. Amri ya mtoto."

Dada, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu na hawezi kuona namba akazipita, aligundua kwamba safu ya saba ina vyema moja kila mwezi, jumla thelathini na moja, akalinganisha tarehe na bili za maji zilizobandikwa kando, zikalingana zote. Mama msoma mita, ambaye hupita kila mlango mara moja kwa mwezi, tulimtafuta na yuko nasi hapa, ametuambia, "Mimi mwezi wa kwanza nilijua mzee kapata wazimu. Ananiambia, mama, simama hapo mlangoni, usinishike, nikisema niko chini useme uko mlangoni. Nikamwambia, sasa mzee, mbona mlangoni kweli ndiko niliko? Akasema, ndiyo maana nakupenda." Mwezi mmoja tu ulikosekana, alipokuwa likizo, na aliyemshikia zamu alisema ana milango mingi.

Kwa niaba ya familia namshukuru mama huyu kabla ya watu wote, kwa thelathini na moja zile. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi aliyekuja mbio akakuta watu wanacheka, akaondoka bila kuuliza, tunamshukuru mtaalamu wa viungo kwa kutompa pole, tunamshukuru kinyozi, aliyejua uzito wa hatua za Baba kuliko sisi tuliobebwa mgongoni mwake, pamoja na mteja wake wa ndevu nusu, ambaye naye amekuja, na naona upande ulionyolewa umekwisha kuota, na tunawashukuru mafundi wa lifti, waliojitolea kulibeba jeneza, wakakataa lifti, wakashuka nalo ngazi zote sitini na nane wakiitana kila kona kama kazini.

Mstari wa tarehe 17 Oktoba haukuwa na mwandiko wake, maana alikuwa hospitali. Nimeuandika mimi asubuhi ya leo, kwa penseli yake, nikaweka vyema kwenye safu ya saba, ingawa alihesabu sita, na kwenye maelezo nimeandika, "Alikuwepo mtu mlangoni," nikasaini.

Baba, neno hili la mwisho nilikutumia siku moja nikiwa sijaelewa swali, ukalitii siku mbili kwa heshima yangu, nami leo naliogopa, lakini ndilo lililobaki na safari hii nakuomba ulichukue moja kwa moja: pumzika, Baba, pumzika kwa amani, wewe na Bosi wako. Uko chini. Tuko mlangoni.